Je, Wamjua Mbawakawa Mdogo wa Milima ya Uluguru?

Msomaji mpenzi, chukua rula ya mtoto wako wa shule, uutazame ule upande wenye mistari midogo midogo. Nafasi iliyo kati ya mstari na mstari ni milimita moja. Sasa fikiri juu ya mdudu mwenye kichwa, kifua, tumbo, miguu sita, vipapasio viwili, na pengine yai ndani yake, na mwili wake wote usiijaze nafasi hiyo. Si utitiri, wala si chawa. Ni mbawakawa hasa, ndugu wa yule mweusi mkubwa ajaye usiku akajigonga kwenye taa, na ndugu wa dumuzi atobolaye mahindi ghalani.

Mwaka 2008 mtaalamu wa wadudu aitwaye Vasily Grebennikov aliandika habari za aina mpya ya mbawakawa wa namna hii kutoka milima ya Uluguru, ile iliyosimama juu ya mji wa Morogoro. Ukoo wake huitwa Rioneta. Kabla ya hapo ukoo huo ulikuwa na aina moja tu iliyoandikwa. Miaka mingi ikapita, kisha ukapatikana tena huko Uluguru, na safari hii ikaonekana kwamba iko aina ya pili ambayo haijatajwa katika kitabu chochote.

Pengine utasema, “Mdudu kama chembe ya chumvi, ana habari gani za kuandikwa gazetini?” Ngoja kwanza nikueleze maumbile yake, swali lako nitalirudia.

Jamii ya wadudu hawa wataalamu huiita Ptiliidae, neno litokalo katika Kigiriki, nalo lina maana ya unyoya. Huitwa hivyo kwa sababu ya mbawa zao. Mbawa za nzi ni kama karatasi nyembamba, lakini za hawa ni kijiti chembamba chenye vinywele virefu pande zote, mfano wa unyoya wa kuku. Sababu yake ni kwamba kwa mdudu mdogo kiasi hicho hewa si nyepesi kama tuionavyo sisi. Kwake yeye hewa ni nzito, kama maji au hata uji, naye hupita ndani yake kwa kupiga makasia. Basi unyoya wamtosha. Katika jamii hii ndimo walimo mbawakawa wadogo kuliko wote duniani. Mmoja wa huko Amerika ya Kati na ya Kusini ana urefu wa milimita 0.325 tu, ukiwapanga watatu kwa mstari, bado hawaifikii milimita moja.

Chakula chao ni ukungu na kuvu ziotazo juu ya majani yaozayo. Jike hawezi kubeba mayai mengi, kwa kuwa nafasi haimo tumboni. Hubeba yai moja tu lililokomaa, na yai hilo ni kubwa mno likilinganishwa na mwili wa mama. Mama mmoja, yai moja, kisha jingine. Maana mtoto naye hana budi kuanza na ukubwa fulani, la sivyo viungo vyake havitatosha kufanya kazi.

Sasa ajabu ya Rioneta ni hii: yumo katika jamii ya wenye mbawa za unyoya, lakini yeye mwenyewe hana mbawa. Watu wengi wangedhani ni kilema. La, si kilema. Mbawa ni mali ya gharama. Yataka chakula kingi kuziotesha na kuzitumia. Mdudu aishiye ndani ya majani mabichi na makavu ya msitu wa mlimani, mahali penye unyevu mwaka mzima na chakula kila upande, aruke aende wapi? Akiruka, upepo wa mlimani humchukua ukamtupa nyikani, naye akafa kwa ukavu. Basi wale wasiosafiri ndio waliobaki na kuzaa, vizazi kwa vizazi, mpaka mbawa zikatoweka. Mambo ya namna hii yameonekana kwa mbawakawa wengi wa milima yetu. Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, waliopanda Mlima Kenya na Kilimanjaro katika miaka ya 1911 na 1912, walirudi kwao na mbawakawa wengi, na miongoni mwao wako wasioweza kuruka kabisa.

Mdudu asiyeruka, tena wa kimo hicho, hawezi kuhama. Ukisimama Uluguru siku ya anga safi, ukatazama upande wa machweo, utaiona mbuga ya Mkata, na ng'ambo yake milima mingine. Gari huivuka mbuga ile kwa muda mfupi. Kwa Rioneta mbuga ile ni bahari. Jua la saa moja lingemkausha. Kwa hiyo kila mlima katika safu hii, yaani Taita, Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Udzungwa na mingineyo, ni kama kisiwa chenye wenyeji wake. Mvua itokayo Bahari ya Hindi imeinywesha milima hii kwa muda mrefu sana, hata zile nyakati za kale Afrika ilipokauka na misitu ya mahali pengi ikafa. Wenyeji wa kila kisiwa wamekaa peke yao, wakageuka kidogo kidogo, mpaka wa Uluguru hafanani tena na wa Usambara.

Je, mtu humpataje mdudu ambaye haonekani? Hapa nataka tuzungumze polepole, kwa kuwa ufundi wake ni mwepesi na wapendeza. Mtafutaji hachukui wavu wa kukamatia vipepeo. Huchukua chekeche na mfuko. Hukusanya majani yaliyooza chini ya miti, pamoja na ule udongo mweusi wa juu, huyatikisa kwenye chekeche, akatupa vijiti na majani makubwa, akabaki na zile chenga. Chenga hizo huziweka juu ya wavu wa waya, na chini ya wavu huweka faneli kubwa kama ile ya kumiminia mafuta ya taa, na chini ya faneli chupa yenye spiriti. Juu ya vyote huwasha taa ya umeme. Taa huleta joto na ukavu kutoka juu. Wadudu wa udongoni huchukia vyote viwili, basi hushuka chini, na chini, na chini tena, wakifuata unyevu, mpaka wanaanguka ndani ya chupa. Porini, mahali pasipo na umeme, chenga hutundikwa katika mifuko ya nguo, zikakauka zenyewe kwa siku kadha, na wadudu huanguka vilevile. Hakuna anayewafukuza ila ukavu.

Kwa njia kama hizi wataalamu kutoka Makumbusho ya Tervuren, nchini Ubelgiji, walifanya kazi katika milima yetu. Basilewsky na Leleup walizunguka Afrika ya Mashariki mwaka 1957, na mwaka 1971 Leleup akarudi pamoja na wenzake Berger na Debecker, wakakaa Uluguru miezi kadha. Chupa walizojaza ziliwapa kazi wataalamu wengine kwa miaka mingi iliyofuata.

Kuwapata ni nusu ya kazi. Nusu iliyo ngumu huja mezani. Mdudu wa milimita moja humtambui kwa rangi, maana wengi wao ni wa rangi ya kahawia au manjano hafifu. Yakupasa umlainishe kwa dawa mpaka mwili wake uangaze, umlaze juu ya kipande cha kioo, kisha umtazame kwa hadubini. Na hata hapo, sura ya nje yaweza kukudanganya. Aina mbili zikifanana kama mapacha, wataalamu hutazama viungo vya uzazi vilivyo ndani ya tumbo la jike, hasa kile kifuko kidogo cha kuhifadhia mbegu za dume. Katika jamii hii kifuko hicho kina umbo lake kwa kila aina: hiki kimepinda kama ndoana, hiki kimejikunja kama mkia wa nguruwe. Hapo ndipo mtu aweza kusema, “Huyu ni mwingine.”

Lakini hawezi kusema hivyo mpaka amemlinganisha na wale wote walioandikwa kabla yake. Huandika barua kwa makumbusho ya London, ya Tervuren na kwingineko, aazime wadudu wa zamani awatazame. Akiisha kuhakikisha, huchagua mdudu mmoja awe kielelezo cha daima. Jina jipya hufungwa kwa mdudu huyo mmoja. Mtu yeyote akitia shaka miaka mia baadaye, atakwenda kumtazama yeye. Kisha humpa majina mawili kwa kufuata desturi iliyoanza kwa wanyama mwaka 1758 katika kitabu cha Linnaeus wa Sweden: jina la kwanza ni la ukoo, la pili ni la kwake mwenyewe. Hutoa vipimo, michoro, mahali alipopatikana, kimo cha mlima, tarehe, na jina la mtu aliyemkusanya. Sisi tuandikao vitabu vya ubatizo twaifahamu kazi hiyo. Jina bila tarehe na bila mahali halimsaidii mtu anayekuja kutafuta habari zake miaka hamsini baadaye. Mdudu asiye na kikaratasi cha mahali alipotoka, hata angekuwa mzuri namna gani, kwa wataalamu ni takataka.

Na kikaratasi kikiwapo, mdudu aweza kungoja. Katika miaka ya 1964 na 1965 Mwingereza mmoja, William Block, alikusanya udongo na majani yaliyooza huko Kenya. Wadudu wake wakapelekwa katika Makumbusho ya Mambo ya Asili ya London mwaka 1978, wakawekwa. Mwaka 2019, yaani zaidi ya miaka hamsini tangu watoke katika udongo wa Kenya, Bwana Michael Darby aliwatazama, akaona wamo ambao hawana jina. Mmoja ana urefu wa milimita 0.79, rangi ya manjano hafifu, hana macho, hana mbawa. Akamwita Nelloptodes gretae. Jina hilo la pili ni la Greta Thunberg, yule binti wa Sweden aliyeanza mwaka 2018 kugoma kwenda shule ili wakubwa wayafikirie mabadiliko ya tabia ya nchi. Bwana Darby alipendezwa na kazi ya binti huyo, tena vipapasio virefu vya mdudu vilimkumbusha nywele zake zilizosukwa mikia miwili.

Mimi simlaumu aliyemtaja. Aliyefanya kazi ana haki ya kuchagua jina, na binti yule hakutenda jambo la aibu. Lakini nikisema kweli, nilipoisoma habari hii nilijiuliza, huyu ni mdudu wa Kenya. Je, hakuna jina hata moja la kwetu lililomfaa? Desturi ya kutumia jina la mahali ipo. Wataalamu huongeza mkia wa Kilatini, likatoka neno kama uluguruensis, maana yake wa Uluguru. Yuko chura mdogo aitwaye Hoplophryne uluguruensis tangu mwaka 1928. Ipo pia desturi ya kumpa heshima mtu aliyeijua nchi. Padre Charles Sacleux, yule Mholigosti aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotolewa mwaka 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na kuna ukoo wa mimea ya Tanzania na Kenya uitwao Sacleuxia kwa ajili yake. Majina ya kwetu yatakuwa mengi siku wanaotazama ndani ya hadubini watakapokuwa wengi wa kwetu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko chini kabisa ya mlima wenyewe wa Uluguru, na katika Makumbusho ya Nairobi wamehifadhiwa wadudu wengi. Mzazi mwenye mtoto apendaye kuchokora magogo na kutia wadudu katika kiberiti asimpige makofi.

Sasa nalirudia swali lako: kuna faida gani? Sitakujibu kwa habari za uzuri wa maumbile tu, ingawa uzuri nao ni kitu. Nitakujibu kwa habari za ghala lako.

Mwaka 1878 Mmarekani mmoja, George Horn, aliandika habari za mbawakawa mdogo, wa milimita tatu au nne, mwenye mwili uliokatwa ghafula nyuma kama kipande cha mti kilichokatwa kwa msumeno. Akampa jina la truncatus, yaani aliyekatwa. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1891, Mwingereza George Lewis aliandika habari za mbawakawa mwingine, mweusi na mdogo kuliko huyo. Hapana shaka jirani zao walishangaa kuona watu wazima wakiangaika na vitu vya namna hiyo. Majina yakakaa vitabuni karibu miaka mia.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa Tabora wakaona jambo ambalo wazee wao hawakuliona. Mahindi yaliyotundikwa na kulimbikwa ghalani yaligeuka kuwa unga kabla ya msimu mwingine kufika. Hata miti ya ghala ilitobolewa. Wataalamu wakamchukua mdudu, wakafungua vitabu, na kumbe ni yule yule wa Bwana Horn, ambaye leo sote twamwita dumuzi. Kitabu kikasema pia kwao ni wapi: Meksiko na Amerika ya Kati. Basi wakajua mahali pa kwenda kuuliza, “Huko kwao, nani humla?” Na waliyemkuta huko ni yule mweusi mdogo wa Bwana Lewis, ambaye huifuata harufu ya dumuzi mpaka ndani ya hindi, akamla yeye na watoto wake. Akaletwa Afrika. Alifunguliwa Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka 1992.

Nisiseme uongo: hakummaliza dumuzi. Mahali pengine alimpunguza, mahali pengine si sana, na mpaka leo njia iliyo salama ni kupukuchua mahindi mapema, kuyakausha vizuri, na kuyachanganya na dawa ya ghala iliyoruhusiwa kwa kipimo chake. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Kama watu wale wawili wasingaliandika, Tabora wangalikuwa na mdudu asiye na jina, asiye na kwao, na adui yake asiyejulikana. Walioandika hawakujua kwamba wanamwandikia mkulima wa Tabora. Walikuwa wamekwisha kufa siku nyingi.

Kwa Rioneta wa Uluguru sijui faida ya namna hiyo, wala sitaitunga. Kazi yake na ya wenzake wengi wa udongoni twaijua kwa ujumla: wanakula ukungu, wanachambua majani, wanageuza takataka kuwa mboji, na mboji hunywa mvua kama sponji kisha huitoa polepole. Mto Ruvu huanzia katika milima hiyo, na maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam. Mtu wa Dar es Salaam afunguaye bomba hana habari na majani yaliyooza ya Uluguru.

Lakini Mluguru anayo habari, na hapa ndipo penye shida. Shamba lake liko katika mteremko mkali, watoto wameongezeka, na udongo mzuri uko juu, msituni. Si rahisi kumwambia mwenye njaa amwachie mbawakawa asiyeonekana. Zaidi ya hayo, watu wa milima ile wana kumbukumbu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kukata matuta ya ngazi katika mashamba yao ili udongo usichukuliwe na maji. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi ilifukua udongo usiofaa. Mwaka 1955 watu wakakataa, kukawa na ghasia huko Matombo, na mpango ule ukafa. Naona haki ilikuwa upande wao kwa jambo moja: hakuna aliyewauliza. Mwaka 2008, mwaka ule ule wa yule mbawakawa wetu, msitu wa Uluguru ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Sheria ni nzuri. Lakini mpaka wa msitu hulindwa na jirani anayeona faida yake, si na bango la chuma.

Kwa maana moto mmoja wa kuandalia shamba, ukipanda msituni katika mwezi wa kiangazi, waweza kuunguza majani ya chini yote ya bonde moja. Miti mikubwa pengine itasalia, na mpita njia atasema msitu bado uko. Lakini mwenye kuishi ndani ya yale majani, asiye na mbawa, hana pa kukimbilia. Na kama hajaandikwa, hata kilio hatapata.

Ukitaka kuwaona jamaa zake huna haja ya kupanda Uluguru. Baadhi ya wadudu wa jamii hii hukaa katika samadi ya zamani na katika malundo ya majani yaozayo, hata shambani penye migomba. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tandika kitambaa cheupe au weka sinia jeupe kivulini. Chota konzi mbili za majani yaliyooza kutoka chini kabisa ya lundo, mahali penye unyevu, uyatie katika chekeche la unga lililozeeka, na uyatikise polepole juu ya kitambaa. Kisha usifanye kitu. Keti na watoto, mtazame kwa muda wa dakika kumi. Kwanza mtaona vumbi tu. Halafu vumbi litaanza kutembea: utitiri mwekundu, vijidudu vyeupe virukavyo kama viroboto, chungu wadogo. Na katika hao, mkibahatika, mtaona nukta nyeusi au ya kahawia ikienda mbio kuliko ukubwa wake, ikisimama, ikageuka, ikaenda tena. Kioo cha kukuzia kitawaonyesha magamba mgongoni. Msimguse kwa kidole, atapasuka. Mchukueni kwa ncha ya unyoya wa kuku uliolowana. Mkiisha kumtazama, yarudisheni majani pale pale mlipoyatoa, upande wenye unyevu ukiwa chini.